Julai, Nyumbani Iyunga

Julai hapa Iyunga, Mbeya, hakuna anayesubiri kuambiwa avae sweta. Tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu huuficha mlima Loleza. Jumamosi moja sikutoka. Nilioka keki kwa mkaa. Moto kidogo chini ya sufuria, mwingi juu ya kifuniko, maana ukizidisha wa chini (nimeshafanya hivyo!) keki huungua kabla ya kuiva. Watoto walilizunguka jiko wakiota moto. Nikachukua simu niwapige picha, kama kawaida yangu. Binti yangu akaishika.

“Mama, picha zote hizi za nyumbani, wewe humo.”

Nikaanza kufungua kitambaa cha kichwani.

“Usivue, mama.”

Nikakaa vivyo hivyo, unga mikononi.