SHEIKH, KARATASI IKO WAPI?



Ndugu zangu, leo sisemi habari za mtu mwingine. Nasema kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita hapa Songea, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinishika mkono baada ya swala ya Ijumaa. Akaniambia, "Sheikh, kile kiwanja changu cha Ruhuwiko nimekitoa wakfu. Jengeni madrasa." Mzee mwenzake alikuwa pembeni, naye akasikia. Tukaleta takbira, tukamwombea dua. Akauliza, "Tuandikishane?" Nikamjibu kwa kinywa changu, "Mzee wangu, sisi Waislamu, tunaaminiana."

Nilidhani nimesema jambo la imani. Kumbe nimesema ujinga.

Yule shahidi mwenzangu alitangulia mbele ya haki. Kisha mzee naye akafariki. Familia ikakaa kikao, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mtoto mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na kiwanja kile kikaingia kwenye orodha ya mali za marehemu. Nikaenda kwao. Kijana akanipa kiti, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sheikh, karatasi iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilibaki shahidi peke yangu, tena shahidi ambaye msikiti wake ndio unaofaidika. Na watoto wale si wezi. Baba yao hakuwahi kuwaambia. Mjane na watoto wakubwa waliniamini, wakaridhia kuacha mafungu yao. Lakini yupo mtoto wa miaka 9. Fungu la yatima hakuna mwenye mamlaka ya kulitoa sadaka: si mama, si kaka, si sheikh. Mpaka leo hapajawekwa tofali pale. Kila nikipita najiuliza: je, mimi ndiye niliyemzuilia mzee thawabu zake?

Ndugu yangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sayyidna Umar (R.A) alipotoa wakfu ardhi yake ya Khaybar, kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, habari zake ziliandikwa. Abu Daud amepokea kwamba mwandishi alikuwa Mu'ayqib na shahidi Abdullah bin Al-Arqam. Nani kati yetu anaaminika kuliko Umar?

Basi shika haya:

1. Ukitoa wakfu, andika: kiwanja kipo wapi, mipaka yake, kwa ajili ya nini, na nani atasimamia. Weka mashahidi, na mmoja wao awe kijana.

2. Waambie mkeo na watoto ukiwa hai. Na kama ni nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza wako kabla hujaitoa.

3. Fikisha jambo panapohusika. Ardhi ya kijiji, nenda halmashauri ya kijiji. Kiwanja cha mjini, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa.

4. Mali ya msikiti isiandikwe jina la imamu. Imamu naye atakufa, naye ana warithi. Msikiti uwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA.

5. Ukitaka itolewe baada ya kifo chako, huo ni wasia, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali yako ila warithi waridhie. Sa'd bin Abi Waqqas (R.A) alitaka kutoa zaidi, Mtume (S.A.W) akamwambia hata theluthi ni nyingi.

Na nyinyi maimamu wenzangu: mtu akikwambia "nimetoa", usiishie kwenye takbira. Leta kalamu siku hiyo hiyo. Kuandika hakuvunji uaminifu, kunaulinda baada ya waaminifu kuondoka.

Wewe unayesoma, kama kuna ahadi ya ardhi uliyoitoa au uliyoipokea kwa mdomo, na mwenzako bado yu hai, mpigie simu leo kabla ya Magharibi.

Allah amrehemu mzee wetu, amkubalie nia yake, na anisamehe mimi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.