Ng'ombe Aliye Karibu Kuzaa: Asikonde, Wala Asinenepe Mno

Wahenga walinena kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake. Neno hilo ni kweli kwa ng'ombe wa asili, ambaye hutoa maziwa lita 1 au 2 tu kwa siku. Lakini ng'ombe wa gredi ana tabia nyingine. Huyo mafuta yake mwenyewe yaweza kumwelemea hata yakamwua, na wakati wa hatari hiyo ni siku za kuzaa.

Katika nchi ya Musanda, upande wa Mumias, jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi wenyeji walitegemea miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Mkulima ambaye fedha za miwa zimempungukia hutazama maziwa ya asubuhi kuwa ndiyo karo ya watoto wake. Akifa ng'ombe mmoja, mapato ya nyumba nzima huanguka pamoja naye.

Yafaa kufahamu jinsi mambo yalivyo mwilini. Ng'ombe akiisha kuzaa, maziwa huongezeka upesi, lakini hamu yake ya kula huchelewa kurudi. Kwa majuma kadhaa hutoa zaidi ya anachokula, na upungufu huo huuziba kwa mafuta ya mwili, kama mtu achotavyo mahindi ghalani kabla ya mavuno mapya. Aliyekonda hana ghala: maziwa yake huwa machache, naye hukawia kutafuta dume tena. Aliyenenepa mno hupatwa na shida ya namna nyingine. Hamu yake ya kula hupungua zaidi, mafuta huyeyuka kwa wingi na kulijaza ini, nalo hushindwa kuyatumia. Ndipo huja ugonjwa uitwao ketosisi. Ng'ombe hukataa chakula cha dukani ingawa bado hutafuna majani, maziwa hupungua, na pengine pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Homa ya maziwa ni ugonjwa mwingine, na jina lake hudanganya, kwa maana mwili haupati joto bali hupoa. Maziwa ya kwanza huhitaji kalsiamu nyingi, yale madini yajengayo mifupa. Lita 10 za maziwa hayo hubeba kalsiamu kupita ile yote iliyomo katika damu wakati mmoja. Mara nyingi katika siku 3 za kwanza baada ya kuzaa, ng'ombe huyumba, masikio huwa baridi, kisha hulala na kukunja shingo ubavuni. Hapo aitwe daktari wa mifugo bila kukawia. Dawa hutiwa polepole katika mshipa, kwa kuwa ikitiwa kwa haraka moyo waweza kusimama. Asinyweshwe kitu kwa nguvu, kisije kikaingia mapafuni.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na kinga huanza mapema. Wataalamu hupima unono kwa alama 1 hadi 5: 1 ni mifupa mitupu, 5 ni mafuta tele. Ng'ombe wa kuzaa atakiwa awe na 3 au 3 na nusu. Mkono watosha kupima. Ukibonyeza kidogo mbavu zapasa kuhisika, lakini zisionekane kwa mbali. Na penye shina la mkia pasiwe na shimo, wala pasiwe na uvimbe wa mafuta.

Mimba huchukua siku 280 hivi. Basi mwenye ng'ombe na aandike daftarini siku aliyopandishwa, na ifikapo siku ya 220 aache kumkamua. Akiwa amekonda, ni afadhali anenepeshwe kabla ya siku hiyo, wakati bado anakamuliwa. Katika ukame wa Januari na Februari vilele vya miwa peke yake havimtoshi, kwa kuwa vina protini kidogo. Aongezewe nepia mbichi na marando ya viazi vitamu. Katika siku 60 za mapumziko asinenepeshwe wala asikondeshwe. Majuma 3 ya mwisho azoezwe chakula cha dukani, kilo 1 kwa siku kisha 2, ili tumbo lisishtuke baadaye. Madini ya ng'ombe anayekamuliwa, yenye kalsiamu nyingi, yangoje hata azae, kwa sababu mwili uliozoea kupewa husahau kuitoa mifupani. Maji safi yawe mbele yake usiku na mchana.

Kazi hizi hazitaki fedha nyingi. Zataka kalamu, mkono wa kupapasa mbavu kila juma, na mtu asiyengoja ng'ombe aanguke ndipo amtazame.