Bundi mweupe wa ziwa Erie

Wamama wenzetu, tunawasalimu kutoka Buffalo, huku Marekani, mji ulio kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie. Mlituuliza kama ziwa hili linafanana na Tanganyika. Hapana. Erie kina chake hakizidi mita 64, na Tanganyika inapita mita 1400. Ndiyo sababu Erie inaweza kuganda karibu yote. Ndagala nao hakuna.

Tangu mwezi wa 11 tulijifungia nyumbani. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu anapoteza hamu ya kila kitu. Waliotutoa nje ni watoto. Masomoni walipewa kazi ya kuandika ndege watakaowaona, basi siku ya posho moja, mwanzoni mwa mwezi wa 12, tulivaa makoti juu ya vitenge tukaenda nao ziwani. Tulifikiri ndege wote wenye akili wamekwisha kukimbia.

Kumbe kuna wanaokimbilia hapa. Tuliona bata wenye mkia mrefu waliozaliwa kaskazini kabisa, kwenye nchi isiyo na miti. Kwao huku ndiko kwenye nafuu. Mto Niagara unatoka katika ziwa hili, maji yake yanakwenda mbio hata hayagandi upesi, na shakwe, wale ndege weupe wa majini, wanakusanyika humo kwa maelfu kutafuta samaki wadogo. (Na mbayuwayu mnaowaona kwenu wakati huu, wengi wametoka Ulaya, wamekimbia baridi kama hii.) Mama mmoja wa Uvira akasema, “Kumbe hata ndege wana wakimbizi.” Tulicheka, lakini si sana.

Halafu mtoto akaonyesha kidole. Juu ya ukuta wa mawe unaozuia mawimbi alikaa bundi. Mweupe, mwenye mistari myeusi kifuani, mkubwa kuliko kuku, mchana kweupe, akitutazama.

Mnajua sisi tulivyolelewa. Bundi akikaa karibu na nyumba, watu wanahesabu wagonjwa wao. Na kati yetu alikuwapo dada mwenye mimba ya miezi minane na zaidi, ambaye alikwisha kuzika mtoto mmoja kambini. Mama mkwe wake alimshika mkono, akasema turudi mara moja.

Usiku ule bibi aliomba mpaka asubuhi. Kisha akakataza dada asiende kupimwa siku ya kwanza, kwa kuwa basi la kwenda hospitali linapita kando ya ziwa. Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Dada miguu ilikuwa imevimba, na kichwa kilimuuma tangu siku mbili.

Hatukumwambia bibi kwamba imani yake ni upuuzi. Sisi wenyewe moyo ulikuwa umeruka. Tulimwita binti yetu aliyekuwa na kitabu cha ndege, tukamwambia asome polepole, nasi tukatafsiri. Bundi huyu anakaa nchi za barafu, na huko wakati wa kiangazi jua halizami, kwa hiyo amezoea kuwinda mchana. Anakula lemingi, panya wadogo wa huko. Panya wakiwa wachache, jike anaweza asitage kabisa. Wakiwa wengi, anataga mayai mengi, hata 11, na wakati wa baridi watoto wale wanasambaa kusini kutafuta chakula. Wenye mistari mingi kama yule mara nyingi ni majike au watoto wa mwaka huo.

Bibi aliuliza, “Mayai 11? Na anayalalia peke yake?” Binti akajibu kwamba dume ndiye anayemletea jike chakula. Bibi akatikisa kichwa, akanyamaza muda mrefu. Mwishoni alisema wataenda, lakini yeye mwenyewe atamsindikiza, na ndani ya basi wakae upande usiotazama ziwa.

Walipompima walikuta damu inapanda sana. Hawakumruhusu kurudi. Mtoto, msichana, alizaliwa kesho yake, mdogo lakini mzima.

Juma lililopita bibi alituuliza kama yule bundi yuko bado. Tulimwambia ukuta ni mtupu. Alimgeuza mtoto mgongoni, akafunga kitenge, akauliza kama huko alikokwenda panya wapo.