Ravioli za Bata: Kutoka Meza ya Italia Hadi Jiko la Mkaa la Kampala

Ravioli ni donge la unga wa ngano na mayai lililosukumwa likawa jembamba kama kitambaa, likawekwa nyama, jibini au mboga katikati, likafungwa kingo na kupikwa. Sambusa ni manda ya unga wa ngano na maji iliyokunjwa pembetatu, ikajazwa na kukaangwa. Majina ni mawili na nchi ni tofauti, lakini kazi ya mpishi ni ileile: unga uwe mwembamba bila kutoboka, cha ndani kiwe kikavu na chenye ladha, na kingo zisifunguke motoni. Ndiyo maana mtu aliyekulia Kampala akifunga sambusa kila Ramadhani, akifika Italia na kukaribishwa kutengeneza ravioli, huona mikono yake imeshajua nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuyajua mayai ndani ya unga, na kumjua bata.

Njia mbili za unga uliofungwa

Neno sambusa lina asili ya Kiajemi. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kinakieleza chakula hiki kwa jina la sanbusaj. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, baadaye alikikuta katika kasri la Sultani wa Delhi: nyama iliyopondwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli. Pwani ya Afrika Mashariki ilikipokea kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Bara kilipanda na wafanyabiashara wa pwani, kisha na Wahindi walioifuata reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Leo wakazi wa Kampala huiita sumbusa, na ya barabarani mara nyingi ina njegere, au wali kwa yule anayetaka kushiba kwa senti chache.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza kuwafukuza Waasia wa nchi hiyo, akawapa siku 90 za kuondoka. Takriban watu 27,000 waliingia Uingereza, na baadhi yao wakafanya makazi Leicester. Sambusa za Kampala zikasafiri nao. Tofauti iliyojitokeza huko ni ya vifaa: manda ambazo nyumba ya Kampala husukuma, hubabua na kubandua moja moja, Leicester hununuliwa kwenye pakiti zikiwa zimegandishwa.

Ravioli nazo zina umri mrefu. Jina lake limo katika barua za Francesco di Marco Datini, mfanyabiashara wa Prato wa karne ya 14. Kila mkoa wa Italia una umbo lake na jina lake, na katika Piemonte agnolotti zilianza kama njia ya kumaliza nyama ya kuokwa iliyobaki. Bata naye ana heshima yake huko: eneo la Vicenza linasifika kwa bigoli, tambi nene zinazoliwa na mchuzi wa bata.

Bata wa duka na bata wa uani

Bata wa ravioli za Ulaya mara nyingi hutoka dukani, tayari amenyonyolewa, miguu na kidari vikiwa vimetengwa kwenye vifurushi. Uingereza na Ujerumani wengi ni wa aina ya Pekin, ndege mweupe mwenye asili ya China, anayechinjwa akiwa na wiki saba hivi. Nyama yake ni laini na ngozi ina mafuta mengi.

Kampala bata wa kawaida ni yule mwenye vinyama vyekundu usoni, anayetembea uani na kando ya mitaro bila haraka. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Hapigi kelele kama bata wengine. Dume hutoa sauti ya kuzomea tu, na kwa sababu hiyo Waitalia humwita anatra muta, yaani bata bubu. Wafaransa humwita bata wa Barbarie na kumuuza kama nyama ya heshima. Kwa hiyo bata ambaye nyumba nyingi za Kampala humwacha ajitafutie chakula mwenyewe ni wa ukoo uleule unaopakuliwa katika mikahawa mizuri ya Paris. Nyama yake ni nyekundu zaidi na ina mafuta machache kuliko ya Pekin. Kinachotofautisha ni umri. Ulaya huchinjwa akiwa na miezi mitatu hivi. Uani Kampala anaweza kufikisha mwaka au zaidi, na misuli yake imekomaa kwa kutembea.

Umri huo si kasoro kwa ravioli. Nyama ya kujaza haihitaji kukatwa vipande vizuri, inahitaji ladha, na ndege aliyekomaa anayo kwa wingi. Anachodai ni muda.

Bata hapatikani kirahisi kama kuku, na kwa kawaida hununuliwa akiwa hai kutoka kwa mfugaji. Akishachinjwa, kazi ngumu ni manyoya. Yana mafuta yanayokataa maji, kwa hiyo maji ya moto yanayomtosha kuku hayamtoshi bata. Maji yawe ya moto sana bila kutokota, yatiwe tone la sabuni ya maji ili yapenye hadi kwenye ngozi, na ndege azamishwe na kugeuzwageuzwa kwa dakika mbili au tatu. Baada ya kunyonyolewa huoshwa vizuri kwa maji safi. Juu ya mkia kuna tezi mbili za mafuta za rangi ya manjano; zikatwe zote na kutupwa, kwani zikibaki huacha harufu kali kwenye sufuria nzima.

Kupika nyama ya ndani

Miguu ya bata wa dukani Ulaya huiva kwa saa moja na nusu hadi mbili. Bata wa uani huhitaji saa tatu, na hapo jiko la mkaa, yaani sigiri, linalishinda jiko la gesi: mkaa ukishatulia na kufunikwa majivu kidogo hutoa moto mdogo usiobadilika.

Vipande hukaushwa na kuwekwa kwenye sufuria kavu, ngozi ikiwa chini, hadi mafuta yatoke na ngozi ibadilike rangi. Mafuta yanayozidi huchotwa na kuhifadhiwa. Kisha hufuata vitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya mbili, kijiti cha mdalasini na maji ya kufikia nusu ya nyama. Sufuria hufunikwa na kuachwa itokote polepole. Mwitalia angeweka divai nyekundu, karoti na majani ya bei. Nyanya na tangawizi hufanya kazi ileile ya kuleta uchachu na ukali wa kuukata unono wa nyama.

Nyama huwa tayari inapoachia mfupa kwa uma. Huchambuliwa, hukatwakatwa kwa kisu au kusagwa kwa kiasi, na hapo ndipo ravioli nyingi huharibikia: mchuzi. Mchuzi uliobaki usimwagiwe nyama ukiwa mwepesi. Uchujwe, urudishwe motoni hadi uwe mzito kama asali, ndipo vijiko vitatu au vinne vichanganywe na nyama. Italia jibini la Parmigiano huongezwa ili kunywa unyevu uliosalia. Kampala jibini hilo ni ghali, na konzi ya mkate mkavu uliosagwa pamoja na kiini kimoja cha yai hutosha. Kipimo ni mkono: nyama ikifinywa ishikamane kama donge, na kiganja kibaki bila maji. Anayefunga sambusa hufanya kipimo hichohicho, kwani nyama yenye maji hulainisha manda kabla hazijafika kwenye karai. Nyama ipoe kabisa kabla ya kufungwa, kwa sababu mvuke nao ni maji.

Donge

Kanuni ya Italia ni yai moja kwa kila gramu 100 za unga. Unga wenyewe ni laini sana, na mayai ya tambi huchaguliwa yenye kiini cha manjano iliyokolea. Unga mweupe wa chapati unaouzwa Kampala unafaa bila wasiwasi. Mayai ya kuku wa kisasa huwa na kiini kilichopauka, kwa kuwa mahindi ya kulishia Afrika Mashariki ni meupe. Mayai ya kienyeji hutoa donge la rangi nzuri zaidi.

Yai lina kazi yake. Protini zake huganda katika maji yanayochemka na kuushika unga usiyeyuke, ndiyo maana ravioli huweza kuchemshwa na manda za sambusa haziwezi. Lakini donge lenye mayai mengi likikaangwa huwa gumu mdomoni. Kwa ravioli za kukaanga, gramu 400 za unga huchukua mayai matatu, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na maji kidogo ya kushikanisha. Donge hukandwa dakika kumi hadi liwe nyororo kama sikio, hufunikwa na kupumzishwa nusu saa. Likisukumwa kabla ya kupumzika hujirudisha nyuma kila kifimbo kinapoinuliwa.

Mashine ya kusukumia tambi ipo katika nyumba nyingi za Italia. Kampala kibao na kifimbo cha chapati vinatosha, na hata chupa ya kioo hufanya kazi. Husukumwa sehemu moja moja huku nyingine zikibaki chini ya kitambaa chenye unyevu, hadi rangi ya mkono ionekane upande wa pili.

Kufunga

Vijiko vidogo vya nyama hupangwa juu ya karatasi ya unga kwa nafasi ya vidole viwili. Maji hupakwa kati yake kwa ncha ya kidole, karatasi ya pili hulazwa juu, na vidole huzunguka kila kichuguu kutoka katikati kwenda nje ili kutoa hewa. Hewa iliyofungiwa hupanuka kwenye mafuta ya moto na kupasua kingo. Kisha hukatwa mraba wa sentimita tano na kingo hubanwa kwa uma. Kiasi kilichotajwa hutoa ravioli 50 hadi 60. Hupangwa kwenye sinia lililonyunyizwa suji au unga wa posho, kwani chembe kubwa hazinywi unyevu haraka na ravioli hazigandi.

Baganda wanayo elimu yao wenyewe ya kufunga, nayo ni luwombo: jani la mgomba hubabuliwa motoni lilegee, mshipa wa katikati huparwa, nyama na mchuzi hufungiwa ndani na kupikwa kwa mvuke. Nalo linafundisha jambo lilelile: kifuniko hulainishwa kwanza, kisha hufungwa pasipo tundu.

Kuchemsha au kukaanga

Italia ravioli za nyama huchemshwa kwa kawaida. Za kukaanga zipo pia, hasa zile tamu za wakati wa Karnivali. Mjini St. Louis, Marekani, wazao wa Waitalia wa mtaa wa The Hill hupaka ravioli yai na unga wa mkate kisha huzitumbukiza kwenye mafuta.

Kampala ina sababu yake ya kupendelea karai. Jiji liko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ravioli za kuchemsha huhitaji dakika moja au mbili zaidi ya zinazotajwa katika vitabu vya Ulaya. Joto la mafuta halipunguzwi na mwinuko wa nchi, hivyo kukaanga hutoa matokeo yanayokaribiana Kampala na Mombasa.

Mafuta yawe na kina cha vidole vitatu na joto la nyuzi 170 hadi 180. Pasipo kipimajoto, kipande cha donge hutumbukizwa: kikizama na kuibuka taratibu kikizungukwa na povu jembamba, mafuta yako tayari, kikiwa cha kahawia papo hapo, karai liepuliwe kidogo. Ravioli hukaangwa sita au saba kwa mara moja, dakika mbili hadi tatu, zikigeuzwa mara moja. Mlio wa povu ni maji yanayotoka kwenye unga. Mlio ukififia na rangi ikawa ya dhahabu, huopolewa kwa kijiko cha matundu na kuwekwa kwenye chujio, si kwenye sahani, ili mvuke usizilainishe chini.

Huliwa moto, kwa kachumbari ya nyanya na vitunguu au ndimu na pilipili, kama sambusa. Zinazobaki bila kukaangwa hugandishwa zikiwa zimetandazwa, kisha hutiwa kwenye mfuko, na hukaangwa bila kuyeyushwa. Mifupa ya bata hurudi sufuriani kwa supu, na mafuta yaliyochotwa mwanzoni hukaangia viazi siku inayofuata.