Kutua Mzigo: Safari ya Biharamulo hata Ngara

Mwezi huu twapenda kuwachukua safarini katika wilaya za Biharamulo na Ngara, upande wa kusini-magharibi wa Mkoa wa Kagera, nchi ipakanayo na Rwanda na Burundi. Tutaona milima, mto na barabara kuu. Lakini katika kuyatazama hayo twataka kuuliza neno moja linalohusu kila nyumba ya Kikristo. Watu wenye kazi nyingi hupumzika lini? Tena, nyumba inaposema kwamba imepumzika, ni nani hasa aliyepumzika?

Twaanza Biharamulo mjini, ambapo lingali limesimama boma la Wadachi lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyeji wa nchi hii ni Wasubi na Wazinza, na kazi yao kubwa ni kulima. Pori la wanyama la Biharamulo liliunganishwa mwaka 2019 na mapori ya Burigi na Kimisi, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mwenye kulitazama pori hilo aweza kudhani kwamba ni nchi isiyofanya kazi, kwa kuwa halina jembe wala mavuno. Sivyo. Majani huanguka na kuoza, udongo hupata nguvu, maji ya mvua hunywewa na ardhi yakahifadhiwa. Wazee wetu walilijua jambo hili hata katika mashamba yao. Shamba lililochoka waliliacha misimu kadhaa liote majani, wala hawakuliita shamba la mvivu. Walisema limepumzishwa ili lizae tena. Ikiwa udongo wahitaji kupumzishwa, je, mwili wa mwanadamu ulioumbwa kwa udongo?

Kutoka Biharamulo twashuka kusini hata Lusahunga, na hapo twaishika barabara kuu iendayo Rusumo, mwendo wa kilometa 92, tukipita Nyakahura. Mchana na usiku magari makubwa hupita hapa yakichukua shehena za bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Kando ya njia twayaona yamesimama kwa safu. Dereva amelala ndani ya gari, au anakunywa chai huku akiyatazama magurudumu. Hakuna amchekaye kwa kusimama, maana kila mtu ajua kwamba usingizi ukimshika mwenye usukani, si yeye tu atakayeumia. Lakini mama wa nyumba na mwalimu wa shule nao wanachukua roho za watu. Mbona hao wakisimama kidogo huonekana kana kwamba wameiacha kazi yao?

Hata tukafika Rusumo. Juu kidogo ya maporomoko, Mto Ruvubu utokao Burundi hukutana na Mto Kagera, na maji hayo yote hubanwa kati ya majabali, yakaanguka kwa kishindo. Penye daraja la mahali hapa ndipo palipotokea jambo kubwa mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda. Kwa muda wa siku moja hivi wakimbizi walivuka kuingia Ngara, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likataja hesabu ya watu wapatao 250,000. Wengi walikuja na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Kambi kubwa ikasimama Benaco, karibu na barabara hiyo tuliyoipita, na wengi wa watu wake walirudi kwao Desemba 1996. Tunapoikumbuka siku hiyo twafahamu kwamba kutua mzigo si anasa. Ni haja ya mwanadamu, sawa na chakula na maji.

Siku hizi pana hapo kituo cha umeme cha Tanzania, Rwanda na Burundi, chenye nguvu ya megawati 80, nazo hugawanywa sawasawa kwa nchi hizo tatu. Twamshukuru Mungu kwa nuru hiyo. Mashine ya kusaga huwapunguzia akina mama taabu ya kutwanga. Walakini tusisahau kwamba taa ina pande mbili: yaweza kumpa mtu saa ya kusoma na watoto wake, na yaweza kuongeza saa za kazi hata usiku wa manane. Umeme peke yake haujui kumwambia mtu, «Imetosha.» Neno hilo sharti tuliseme wenyewe. Na huo mto, ukiisha kupita penye kishindo, hushika njia ya kaskazini na kutulia katika mabwawa mapana ya mafunjo na maziwa madogo, ndipo baadaye ugeuke kwenda Ziwa Viktoria. Haukauki kwa kutulia, wafika uendako.

Sasa twapanda milima ya Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi. Nyumba nyingi zimejengwa juu mgongoni mwa mlima, kati ya migomba na mibuni, na maji yako chini bondeni. Hapa ndipo swali letu linapopata jibu lake. Jumapili kengele ya kanisa hulia, na baba huvaa nguo safi, akaiacha jembe pembeni, akasema, «Leo ni siku ya kupumzika.» Ni kweli, yeye amepumzika. Lakini mama ameamka kabla ya jua kushuka bondeni, akapanda na maji kichwani. Binti amekwenda kutafuta kuni. Na ibada itakapokwisha wageni watakuja, nao watataka kula. Kwa mama huyo Jumapili ni siku ya kazi kupita Jumatatu. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba auona mzigo huo mwepesi kwa sababu hauko kichwani pake.

Na tuitazame ile amri ya nne tuliyofundishwa katika darasa la ubatizo, iliyoandikwa katika kitabu cha Kutoka mlango wa 20. Haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Imemtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kazi, hata mgeni aliye malangoni. Maana yake ni wazi. Pumziko la mmoja lililobebwa na mgongo wa mwingine silo pumziko ambalo Mungu aliliagiza. Tena twasoma katika Yohana mlango wa 4 kwamba Bwana wetu mwenyewe alichoka kwa safari, akaketi kisimani saa ya jua kali. Hakuona haya kuonekana amechoka, na mwanamke aliyekuja kuteka maji alimkuta hapo.

Ndugu zetu waalimu nao tusiwasahau. Mwalimu wa kijijini hufundisha mchana, jioni hulima shamba lake, usiku husahihisha madaftari, na Jumapili huongoza kwaya. Watu humsifu kwa bidii, na sifa hiyo humfunga asiweze kusema amechoka. Baadaye sauti yake huwa kali darasani, na watoto hudhani kwamba wao ndio wabaya, kumbe ni mtu asiyelala vya kutosha.

Yapo pia mapumziko ya uongo. Mtu akikaa penye pombe ya ndizi hata usiku, huamka na kichwa kizito na mfuko mwepesi. Na aishikaye simu hata usiku wa manane, macho yake hayakupumzika. Pumziko la kweli hujulikana kwa matunda yake: mtu hurudi kazini mwenye nguvu, na nyumbani mwenye upole.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, maji na kuni za Jumapili zichukuliwe Jumamosi, na wavulana na baba washuke bondeni pamoja na wasichana. Kubeba ndoo hakumpunguzii mwanamume heshima yake. Pili, chakula cha Jumapili kiwe chepesi, na mgeni apokewe kwa furaha na kwa kile kilichopo. Tatu, kila mtu mzima katika nyumba apewe saa yake katika juma, nayo iheshimiwe na wote. Mmoja atapenda kusuka kikapu, mwingine kuimba, mwingine kusoma, mwingine kumtembelea rafiki mlima wa pili au kulala tu. Kikapu hicho kisihesabiwe bei yake siku hiyo, kisije kikageuka kuwa kazi nyingine. Nne, wazee wa kanisa wasimpe mwalimu mmoja kazi za watu watatu kwa sababu tu hajui kukataa.

Mambo haya hayahitaji fedha. Yahitaji baba wa nyumba aulize Jumamosi jioni, «Ni nani kati yetu ambaye hakupumzika juma hili?» kisha ainuke achukue ndoo.