Kahawa yetu ilinuka kiazi



Siku ya posho iliyopita wamama watano wa chama chetu tulihudhuria somo la kwanza la kutengeneza kahawa ya espreso, hapa Bukavu. Tulienda na majivuno kidogo. Sisi tumekulia kati ya miti ya kahawa, wengine Kalehe, wengine Idjwi. Nyumbani tunakaanga wenyewe, tunatwanga kwenye kinu, tunachemsha na tangawizi. Tukasema, kijana huyu atatufundisha nini? Hata kahawa tulibeba yetu, kilo moja kutoka gunia zuri, lile la kuuza.

Mwalimu alianza na mizani. Unapima gramu 18 za unga, unashindilia vizuri, mashini inasukuma maji ya moto kwa nguvu, na katika sekunde 25 hadi 30 unapata gramu 36 hivi kikombeni. Mama mmoja akacheka: «Gramu 36? Hiyo si dawa ya mtoto?»

Kikombe cha kwanza kilitoka mbio, sekunde 12 tu, kikawa kichachu kama limau. Unga ulikuwa wa chenga, maji yalipita bila kuchukua utamu. Tukasaga laini zaidi. Cha pili kikatoka tone kwa tone, kichungu hadi ulimi ukakauka: tulikuwa tumezidisha. Cha tatu kilitiririka polepole kama asali, na povu la rangi ya kahawia juu yake. Tukaonja bila sukari. Tukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu hatukuijua ladha ile. Tangu utoto, kahawa ya nyumbani ni ile iliyokataliwa na mnunuzi: zilizoelea majini, zilizovunjika, zilizotobolewa. Nzuri inapanda gari na kwenda kwa wengine. Kumbe kahawa yetu ina utamu wake, na sisi tulikuwa tunafunika mabaki yake kwa sukari na tangawizi.

Furaha haikudumu. Cha nne kilipotoka, chumba kizima kilinuka kiazi kibichi, kama wakati wa kumenya viazi. Tukatazamana. Mmoja wetu akasema labda mashini ni chafu. Mwalimu akajibu kwa heshima: «Hapana, mama. Ni punje moja tu ndani ya kahawa yenu.»

Akatueleza kwamba ugonjwa huu unajulikana sana katika kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi. Unahusiana na mdudu antestia, yule mwenye umbo la ngao, mweusi, mwenye madoa meupe na ya rangi ya machungwa. Anatoboa tunda, na uharibifu unaingia ndani. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Mnunuzi akiionja, anashusha bei au anaikataa.

Mdudu yule sote tunamjua. Tunamwona kila msimu, tunampita. Na wakati wa malipo ya shule tunachuma haraka, mbichi na mbivu pamoja, ili gunia lijae. Siku zote tulisema mnunuzi anatuonea. Pengine anatuonea kweli, lakini siku ile pua zetu wenyewe zilitushuhudia.

Hatukurudi na mashini, wamama, bei yake hatuiwezi. Tulirudi na haya. Tuchume nyekundu tu. Tutie matunda kwenye beseni la maji na kuondoa yanayoelea. Tupunguze matawi ili mwanga uingie ndani ya mti, maana antestia anapenda kivuli kizito, na tumwokote kwa mkono tunapomwona. Kahawa ikikauka, tuketi na lungo na kutoa kila punje iliyotobolewa. Na nyumbani, ukimaliza kutwanga, nusa kwanza: harufu ya kiazi hutokea hapo, kabla ya maji. Ukiisikia, mwaga, pangusa kinu, anza upya.

Jambo la mwisho tumepatana sisi watano: kila msimu, kila nyumba itabakisha kilo moja ya kahawa nzuri, tuinywe na bwana na watoto wetu wakubwa. Mama asiyejua ladha ya kahawa yake atajibu nini mnunuzi akimwambia ni mbaya?

Siku ya posho ijayo tutachambua pamoja baada ya mkutano. Kila mama aje na lungo lake. Kahawa itakuwa tayari, na sukari itakuwa pembeni.