Tulimwambia Afunge Mdomo

Kwa karibu miaka mitatu maneno yaliyosikika sana nyumbani kwetu, pengine kuliko sala ya chakula, yalikuwa haya mawili: "Funga mdomo." Tulimwambia mtoto wetu wa pili akiwa mezani. Tulimwambia akiwa anaandika kazi za shule. Kanisani tulimwambia kwa jicho, yeye akiwa ameketi benchi la mbele, midomo wazi kama mtu aliyepata habari ya kushangaza. Wapendwa, nyumba ya mchungaji hutazamwa na wengi, nasi tuliogopa macho ya watu. Tuliona aibu kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na kosa.

Usiku alikoroma kama mzee. Asubuhi aliamka amechoka, midomo imekauka, na mara nyingi godoro limelowa. Alikuwa na miaka 7. Mwalimu wake alituandikia kwenye daftari kwamba anasinzia darasani, na walimu wa Shule ya Jumapili walisema vivyo hivyo. Tukaamua kwamba ni mvivu. Kuhusu godoro, tulimchapa, na si mara moja. Tunaliandika jambo hili kwa sababu kitabu hiki ni cha imani, na ushuhuda unaoruka maungamo haumsaidii mtu.

Bibi yake alipokuja kututembelea, alikaa siku mbili akimtazama, kisha akasema, "Wanangu, huyu ana kimeo. Kule kwetu yuko fundi anayekata, ni dakika moja tu." Alisema kwa upendo. Yeye mwenyewe alikatwa akiwa mdogo, na ndugu zake pia. Wengi wetu tumekulia katika desturi hiyo, kama wengine walivyokulia katika kuwang'oa watoto wachanga yale yanayoitwa meno ya plastiki. Lakini kisu hicho kimewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi ya hatari, na shida waliyokuwa nayo ikabaki palepale. Tukamjibu, "Mama, tupe kwanza nafasi tumpeleke hospitali." Alinyamaza, lakini hakuridhika.

Kusema kweli, hospitali tulikuwa tunaiahirisha. Kilichotusukuma ni sala ya jioni ya wiki hiyohiyo. Tulikuwa tumeshikana mikono, na mmoja wetu akamwambia mtoto afunge mdomo, maana tunaongea na Mungu. Akaufunga. Tukaendelea kuomba, na sala yenyewe ilikuwa ndefu. Katikati tukasikia ameachia mdomo kwa nguvu, anatweta, machozi yanamtoka. Akasema, "Baba, nikifunga nakosa pumzi."

Miaka mitatu tulikuwa tumemwamuru. Hatukuwahi kumwuliza.

Daktari wa masikio, pua na koo alituuliza maswali mengi kabla hajamgusa mtoto. Anakoroma? Anasinzia mchana? Anakojoa kitandani? Swali hili la mwisho tulichelewa kulijibu. Akatueleza kwamba mtoto asiyepumua vizuri usiku halali usingizi wa kutosha hata akilala saa kumi, na kwamba kukojoa kitandani kunaweza kuwa sehemu ya shida hiyohiyo. Kisha akamchunguza, akatuambia, "Mchungaji, mtoto huyu hana tabia mbaya. Hana njia ya hewa."

Nyuma ya pua, juu ya koo, kila mtoto ana nyama ndogo inayosaidia mwili kupambana na vijidudu. Kwa kawaida hukua utotoni, kisha hunywea mtoto anapoelekea ujana. Kwa mtoto wetu ilikuwa imekua mpaka imeziba karibu njia yote. Kumwambia apumulie puani kulikuwa sawa na kumwambia mtu apite mlango uliopigwa misumari. Akafanyiwa upasuaji wa kuiondoa, na baada ya majuma machache kukoroma kulipungua sana. Godoro likaanza kuamka kavu.

Lakini daktari alikuwa ameona jambo jingine, akatuelekeza kwa daktari bingwa wa mpangilio wa meno na taya. Kutoka huku kwetu tulimfuata Dar es Salaam. Huyo alitufundisha jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Ulimi uliotulia hukaa juu, umegusa kaakaa, na kwa kukaa hapo husaidia taya la juu kupanuka mtoto anapokua. Mdomo ukiwa wazi mchana na usiku, ulimi hushuka chini, mashavu hubana kutoka pembeni, na taya linaweza kukua jembamba. Kaakaa huinuka kama paa la kibanda, meno hukosa nafasi na kupandana. Mtoto wetu alipouma meno, yale ya nyuma ya juu yalikaa ndani ya yale ya chini, badala ya kuyafunika kwa nje.

Akamtengenezea kifaa cha kutanua kaakaa, kimeshikizwa kwenye meno ya nyuma, chenye skrubu ndogo katikati. Kazi ya kila jioni ikawa yetu: kuingiza ufunguo mdogo na kuzungusha mara moja, kiasi cha robo ya milimita. Robo ya milimita ni kama si kitu. Lakini baada ya majuma machache kulitokea mwanya kati ya meno yake mawili ya mbele, na bibi yake alifurahi mno, akasema sasa mjukuu amekuwa mzuri. Daktari alicheka, akatuambia mwanya huo kwa kawaida hujifunga wenyewe. Ni dalili kwamba mfupa unafunguka. Kisha kifaa kikaachwa mdomoni kwa miezi kadhaa bila kuzungushwa, ili mfupa mpya ujae pale palipofunguka.

Fedha zilitoka wapi? Tuliuza ng'ombe wa maziwa, nyingine tukakopa SACCOS. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alituuliza waziwazi: "Mchungaji, ng'ombe kwa ajili ya meno ya utotoni? Si yatang'oka?" Wengine walinong'ona kwamba ni urembo wa watu wa mjini, wakati usharikani kuna watoto wasio na ada. Swali hilo lilituumiza, maana lilikuwa na haki ndani yake, na hatutaki kulipuuza. Tulimjibu kwamba meno yatang'oka, lakini taya halibadilishwi. Katikati ya kaakaa la mtoto kuna mshono wa mfupa ambao bado haujakaza. Ukitanuliwa mapema, robo ya milimita kwa siku inatosha. Ukishakaza baada ya ujana, huenda ukahitaji upasuaji. Ndiyo maana chama cha madaktari wa mpangilio wa meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe asipite miaka 7. Kuangaliwa si lazima kuwekewa kifaa. Wengine wana mafua tu, wengine wanasumbuliwa na vumbi na moshi wa jikoni, na wengi hawahitaji chuma chochote. Na kifaa peke yake hakiponyi pua iliyoziba. Pua huchunguzwa kwanza.

Tulipokuwa Makumira tukisomea uchungaji, tulijifunza Kiebrania kwa jasho. Tulisoma kwamba katika Mwanzo 2:7 Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani. Tulijibu mtihani kuhusu mstari huo, tumehubiri juu yake mara nyingi, na mtoto aliyezibwa pua alikuwa ameketi mbele yetu. Tulijifunza pia kwamba neno la Kiebrania la pua ndilo neno la hasira, na kwamba pale Kutoka 34:6 panapomtaja Mungu asiyekasirika upesi, Kiebrania chenyewe humwita mrefu wa pua. Siku hizo tulicheka darasani. Sasa hatucheki. Mtoto alikuwa na pua iliyoziba, nasi wazazi tulikuwa na pua fupi.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani. Yesu alikataa hesabu hiyo, akashughulika na macho ya yule mtu. Nasi tulikuwa upande wa wanafunzi. Tulitafuta kosa la mtoto, na baada ya hospitali tukageuka kutafuta kosa letu usiku na mchana, kana kwamba kujilaumu kungemtanua taya. Neema ilitufikia kwa njia ndogo. Jioni moja, tukiwa na ule ufunguo mkononi, tulimwomba msamaha kwa viboko vile. Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Zungusheni basi, nataka kwenda kucheza." Akafungua mdomo. Safari hii sisi ndio tuliomwomba aufungue.

Kazi haijaisha. Meno ya mbele bado yamebanana kidogo, na huenda baadaye akahitaji nyaya. Mara nyingine usahaulifu humrudia, mdomo ukabaki wazi akitazama kitu. Tunamgusa begani tu.

Washarika wenzetu, Jumapili ijayo huenda mkamwona mtoto anayesinzia na mdomo wazi, au mkamsikia anayekoroma kila usiku. Msiharakishe kumkemea, wala kumpeleka kwa kisu. Mwulizeni anajisikiaje. Mpelekeni aangaliwe pua, koo na meno. Na kama wazazi wake hawana ng'ombe wa kuuza, hilo nalo ni swali kwetu sote. Usharika wetu umeanza kuliweka katika mfuko wa diakonia, kidogokidogo.

Usiku, kabla ya kulala, bado tunapita mlangoni pake na kusikiliza. Anapumua taratibu, kwa pua. Tunasimama kidogo, tunashukuru, kisha tunakwenda kulala.